Soksi za Mikono

9 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Pokea salamu nyingi kama pini zilizotapakaa kwenye sakafu ya karakana yetu, na hizo hata ufagio umekata tamaa nazo. Mimi mzima. Masikio ndiyo yameaga. Kompresa, ile mashine ya upepo ya kupigia pini, imeyatafuna miaka yote hii, na sasa nikipigiwa simu nasikia nyuki tu, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Dereva wa lori la sponji amekubali kuwa tarishi wetu, maana anapita kwenu kila anapokwenda kiwandani. Msalimie mpwa wangu na mume wake, na wale watoto wao ambao nadhani sasa wananizidi kimo.

Hapa habari ni zilezile. Chumba changu cha nyuma ya karakana bado kinavuja, nami bado nasogeza kitanda badala ya kuziba bati. Mzee aliyeniajiri alipofariki, mwanawe alirithi kila kitu pamoja na mimi. Tunamwita Bosi Mdogo. Ana adabu, lakini anapenda vitu vyeupe. Zamani watu walitaka makochi ya kahawia, rangi za kuficha chai iliyomwagika. Siku hizi kila mteja anataka krimu. Kochi lako nililokuahidi liko palepale kwenye kona. Fremu nimeikaza, springi nimezifunga upya, sasa nalivisha kwa vipande vinavyobaki, kwa hiyo mgongo utakuwa wa bluu, mkono mmoja maua na mwingine mistari. Ukilikalia utadhani umeketi katikati ya soko.

Sasa jambo lenyewe, na usicheke. Unakumbuka kwa nini mliniita Kobe? Nilikuwa naanguka kwenye changarawe nainuka bila mkwaruzo, mama akasema huyu ana gamba. Basi gamba limekwisha. Ngozi ya mikono, hapa kati ya kiwiko na kifundo, imekuwa kama lile ganda jembamba la ndani ya kitunguu. Nikigusa tu ukingo wa ubao inafunuka. Haiumi sana, ila inatoka damu, na kila mahali pamevilia madoa ya zambarau utadhani mlevi aliyetoka kupigana. Juzi niliacha doa kwenye mto wa krimu, dogo tu, kama punje ya mchele. Nikaugeuza mto, doa likaenda chini, Bosi hakuona. Lakini mto una pande mbili tu, dada yangu.

Wewe unawaogesha wazee pale makaoni kila siku ya Mungu. Watu hawa wanafanyaje? Niambie, maana mikono hii ndiyo mali yangu yote. Kazi hii ikiniponyoka sina nyingine ninayoijua, na chumba kitakwenda nayo.

Kaka yako,
Kobe

2 Machi

Kaka yangu Kobe usiye na gamba,

Shikamoo. Na ya pili ni ya kukuomba radhi kwa kuchelewa. Sisi huku wazima. Mpwa wako anakusalimu, mumewe anakusalimu, watoto hawakusalimu kwa sababu hawasalimu mtu siku hizi, wanainua kidevu tu. Mdogo ameota jino juu ya jino na anajivuna nalo.

Nimecheka, tena sana, halafu nikaacha. Ngozi hiyo naijua. Kila asubuhi naishika. Sasa nisikilize, na kwa kuwa husikii, soma mara mbili.

Kwanza mafuta. Mafuta ya mgando ya kawaida, asubuhi na jioni, ukishajifuta maji na ngozi bado ina unyevu kidogo. Usisugue. Yapitishe kuelekea chini kama unayempapasa paka. Kuoga ni maji ya vuguvugu, sabuni kidogo tu, ile kali ya kufulia ondoa kabisa. Kata kucha, maana najua unajikuna. Kunywa maji. Kisha zile kingo za benchi lako na fremu zifunge sponji. Kobe, umezungukwa na sponji tangu ujana wako, umestarehesha makalio ya mji mzima, na hujawahi kukata kipande kimoja ukaulinda mkono wako mwenyewe!

Ikifunuka, ioshe kwa maji safi, chukua pamba iliyolowa, uirudishe ngozi mahali pake taratibu kama unavyovuta shuka juu ya mtoto aliyelala. Weka shashi yenye mafuta, halafu bandeji isiyobana. Na hili ndilo kubwa: usibandike plasta. Wala gundi yenu. Wala ile tepu ya karatasi mnayozibia miguu ya viti mkipaka rangi. Kinachong'ang'ania ngozi ya mzee huondoka na ngozi.

Nimempa dereva kifurushi pamoja na barua hii. Ni soksi ndefu za wachezaji wa mpira, nimezikata nyayo, nikashona kitambaa laini ndani. Unazivaa mikononi, toka kifundo mpaka juu ya kiwiko, muda wote wa kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe huna wa kukujengea.

Mdogo wako,
Sindano

14 Machi

Mdogo wangu,

Wazima? Mimi mzima. Kifurushi kimefika, barua haikufika. Dereva anaapa hukumpa barua, halafu anasema labda ulimpa, halafu anasema ana makoti mawili. Basi nakuandikia bila kujua umesema nini.

Asante kwa soksi. Nimezivaa siku ileile. Zina joto zuri, lakini vidole vyangu vyote viko nje vinachungulia kama watoto dirishani. Nimewaza sana, nikasema labda ndiyo mtindo. Jirani yangu wa benchi, yule tunayemwita Msumari kwa wembamba wake, amenizunguka mara mbili akaniuliza kama nimepoteza vidole vitani. Tena zinanibana mashavu ya miguu. Zinanukia sabuni kama zilizofuliwa mara nyingi, nikajiuliza, au umemvua mkweo?

Usinione sina shukrani. Lakini miguu yangu haina shida, dada. Niliuliza kuhusu mikono.

Kobe

6 Aprili

Kobe, Kobe, Kobe,

Shikamoo, na leo uipokee ukiwa umeketi. Nimecheka mpaka mpwa wako akatoka chumbani kuuliza nani amekuja. Nikamsomea, naye akaenda kumsomea mumewe, na hata yeye alicheka, jambo ambalo huku si la kila wiki. Sasa watoto, wakimfuata mama yao, wanakuita Mjomba Vidole.

Ni za MIKONO. Vua, osha, vaa mikononi. Barua iko kwenye koti la dereva, mwambie apekue mifuko ya ndani. Ya makoti yote mawili, maana anayo mifuko mingi kuliko akili.

Zimefuliwa, ndiyo. Kitambaa kipya huwa kigumu, nilikilainisha. Kama zinabana kiwikoni, kata lastiki kidogo ushone upya. Wewe ni fundi, usinifanye nikufundishe kushika sindano.

Huku mvua, nguo hazikauki. Wazee makaoni wanagombania kiti cha karibu na dirisha, kama kawaida yao. Mimi sijambo.

Sindano

20 Mei

Mdogo wangu Sindano,

Natumaini mvua imewaachia. Hapa jua limerudi na bati linalia mchana kutwa. Barua yako ya Machi niliipata ndani ya koti la pili, imekunjwa pamoja na risiti na nusu ya biskuti. Nimeisoma mara mbili kama ulivyoamuru, sasa naitembeza mfukoni.

Sindano, zimefanya kazi! Tangu barua yako ya Aprili ifike hakuna doa. Mafuta napaka, kingo nimezifunga sponji, na zile soksi zako ninaingia nazo ndani ya fremu mpaka kwapani, natoka mzima. Nilianza kupiga mluzi. Msumari akaniambia nipunguze, kwa kuwa mimi sijisikii lakini wao wananisikia.

Halafu alikuja wakili, mama mmoja mwenye ofisi kubwa, ametuagiza viti vya wageni wake, vyote krimu. Akaniangalia mikono, akamvuta Bosi Mdogo pembeni. Mimi sisikii, lakini midomo ya watu nimejifunza. Aliuliza, "Huyo mzee ana ugonjwa gani?" Bosi akaja kwangu kwa upole. Akaniandikia kwenye kipande cha kadibodi, maana ananiheshimu asinipigie kelele: Mzee, tafadhali uvue hizo wateja wakiwepo. Nikamwandikia chini yake: Wateja wapo siku nzima. Akakichukua kipande akakitia mfukoni.

Tuyaache. Kochi lako limebaki vifungo tu. Nataka kukuuliza, hapo kwa mpwa wangu sebuleni pana nafasi? Nauliza kuhusu kochi. Ni refu kidogo, mtu mzima anaweza kulala kabisa akikunja miguu. Si lazima lipate nafasi nzuri, hata upande wa mlango linakaa. Niambie kama ingewezekana.

Kaka yako,
Kobe

11 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Nakuandikia juu ya ubao wa kupigia pasi, kwa sababu mezani watoto wanafanya hesabu na wanadai naongea nikiandika. Kweli naongea. Leo nilikuwa namsema Bosi wako.

Ugonjwa! Mwambie huyo wakili ugonjwa wenyewe unaitwa umri, na ukimkosa yeye ni kwa sababu amekufa mapema. Usimwambie. Lakini usivue, Kobe. Ukivua umejitoa ngozi mwenyewe. Fanya hivi: tafuta shati la mikono mirefu, lile zito, ndani ya mkono ushone sponji nyembamba toka kifundo mpaka kiwiko, ufunge vifungo. Juu litaonekana shati la mtu mzima mwenye heshima zake, na chini yake utakuwa godoro. Wamezoea kukaa juu ya kazi yako bila kuona kilichomo ndani, na wewe watakuona hivyohivyo.

Vifungo vya kochi weka vyekundu. Nimelifikiria sana hilo kochi. Nalifikiria kila siku, nikiwa napiga pasi naliona kabisa, bluu na maua na mistari.

Umeuliza na jambo jingine, nitakujibu nikipata nafasi. Sasa wanataka mashati ya shule.

Sindano

3 Agosti

Dada,

Salamu. Samahani kwa kimya. Kalamu mbovu, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Wakili amechukua viti vyake. Joto kali. Msumari amepata mjukuu. Kochi lako lipo.

Swali moja. Ngozi ikiondoka pamoja na tepu, kwa mfano, nasema kwa mfano tu, na chini yake pakawa na unjano, mtu anafanya nini? Na vidole vikiwa vizito asubuhi, huwa vinarudi?

Makaoni vipi? Mbona siku hizi husemi habari za wazee?

Kobe

24 Agosti

Kaka,

Shikamoo, na leo sina mzaha.

Kwa mfano wa nani wewe? Kalamu mbovu haifanyi herufi zilale upande wa pili. Umeandika kwa mkono wa kushoto. Nimekaa na wewe dawati moja, mwandiko wako naujua kuliko sura yako, na hii si kazi ya kalamu. Mkono wa kulia uko wapi, Kobe?

Unjano ni usaha. Kama pananuka, kama pana moto ukigusa, kama kuna mstari mwekundu unapanda kuelekea kwapani, usimalize kusoma barua hii, nenda hospitali. Vidole vizito usivisubiri virudi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ulikuwa unaficha hata homa ili usikose kwenda kuchunga mbuzi wa watu.

Ningekuwa na uwezo ningekuja mwenyewe leo. Usiniulize kwa nini sina. Niambie ukweli, nami nitakuambia wangu, tuwe sawa. Usinijibu kwa kalamu mbovu.

Dada yako anayekupenda,
Sindano

19 Septemba

Mdogo wangu Sindano,

Nakusalimu kwa mkono wa kushoto, kama ulivyogundua. Barua hii imenichukua tangu asubuhi.

Shati nililishona kama ulivyosema, na lilikuwa zuri. Nililivaa wiki moja. Kisha Bosi Mdogo akaleta fulana kwa watu wote, zina jina la karakana mgongoni, mikono mifupi. Alifurahi sana siku ile, alitupiga picha. Ningemwambia nini? Nilidhani nikiwa mwangalifu nitapita.

Ilikuwa siku wakili alipokuja kukagua. Nilikuwa ndani ya kiti cha mwisho nafunga springi, kamba ikakatika, springi ikaruka. Haikunichoma hata. Ilinipitia tu, na ngozi ikafunguka toka kifundo hadi karibu na kiwiko kama mtu anayefungua zipu. Damu ikaenda kwenye krimu. Si punje ya mchele, dada. Hapakuwa na upande wa pili wa kugeuza. Na kando yangu vilikuwepo viti vingine vimeshavishwa, wakili amesimama, Bosi amesimama, na mkono unamwagika. Nikashika kilichokuwa karibu, ile tepu ya karatasi, nikajizungushia toka chini hadi juu ili lisidondoke tone jingine. Nikamaliza siku hivyo. Barua yako ya Machi ilikuwa mfukoni, na maneno yako nilikuwa nayakumbuka vizuri. Jioni nilipoibandua tepu, ilitokea vilevile ulivyoandika.

Hospitali nilikwenda, kwa kuchelewa. Wamesafisha wamefunga, hainuki tena. Lakini usaha ulifika kwenye mishipa ya vidole, na vidole havifungi. Daktari aliniandikia kwenye karatasi kwamba vitabaki hivyo. Nyundo haikai, mkasi haukai. Nimejaribu kufunga fundo la springi kwa kushoto na meno, Msumari akageuka akatazama ukutani.

Bosi Mdogo hakunifokea. Angenifokea ningejua la kusema. Alisema kitambaa kile amekilipia upya, naye anahitaji chumba cha nyuma kwa fundi mwingine. Halafu akalitazama kochi lako. Nilimwelewa kabla hajaandika. Wamelivua, wakalivisha krimu, limekwenda jana. Lilipendeza, siwezi kusema uongo. Nimebaki na vifungo vyekundu, ninavyo mfukoni.

Sasa naomba usikasirike. Sina pengine. Jumamosi dereva anakuja huko kiwandani, nitapanda naye, atanishusha kwenu mchana; barua hii naitia posta ili initangulie. Nilikuuliza habari ya sebule hukunijibu, nikajua ni kusahau, una mambo mengi. Sihitaji chumba. Wewe una kazi na una watu, mimi nitajibanza tu. Nitalala hata chini ya ubao wako wa pasi, na sisikii kitu kwa hiyo watoto wapige kelele watakavyo. Mjomba Vidole anakuja, waambie, ingawa vidole vyenyewe ndivyo hivyo.

Nakuja na soksi zako. Nimezifua.

Kaka yako,
Kobe

19 Septemba

Kaka yangu Kobe,

Shikamoo. Barua hii naituma kwa posta, simsubiri dereva. Kimya chako nimekisoma kama ulivyosema unasoma midomo. Lakini nilikuahidi ukweli, na nimeamua nitoe wangu kwanza, labda utakupa moyo wa kutoa wako.

Makaoni nilitoka mwisho wa Aprili. Bibi mmoja aliteleza bafuni akanishika mkono asianguke. Hakuanguka, namshukuru Mungu, lakini ngozi yangu ilibaki kiganjani mwake. Ndiyo, Kobe. Na mimi pia. Tangu mwaka juzi. Nilikuwa nawaogesha wenzangu. Damu ilienda kwenye shuka, msimamizi akasema hawezi kuwa na muuguzi anayewachafulia wagonjwa vitanda. Ile jozi niliyokutumia ilikuwa yangu, ndiyo maana ilikubana. Nilidhani nitapata soksi nyingine nishone kabla hazijahitajika. Usijilaumu, nakukataza. Nilipokuwa nacheka kuhusu vidole vyako, nilikuwa na raha kuliko siku zote za mwaka huu.

Tangu hapo nashinda humu nyumbani kwa binti yangu napiga pasi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nami jembe halishikiki. Mkwe si mtu mbaya. Aliongea nami kwa heshima, akiwa ameshika kofia. Nyumba ni ndogo, watoto wanakua, mama yake naye anaumwa na anakuja kukaa hapa. Binti yangu alikuwa jikoni, na hakutoka jikoni mpaka tulipomaliza. Uliuliza kama sebuleni pana nafasi ya kochi. Sikukujibu kwa sababu anayelala sebuleni ni mimi, Kobe, kwenye godoro linalokunjwa kabla watoto hawajaamka. Nilijua ulikuwa huulizii kochi. Nilishindwa kukuandikia hapana.

Basi nimekata shauri. Nakuja kwako. Kile chumba cha nyuma ya karakana kinavuja, lakini ni chako, na hakuna atakayenikunjia godoro. Huo mkono wako, ukoje ukoje, nitaufunga mwenyewe asubuhi na jioni, sasa hutamtegemea dereva na makoti yake. Nitakushonea jozi kumi, za kukuingia. Wewe utabaki na kazi yako, mimi nitakulinda ngozi, na kazi ya mmoja itatutosha wote wawili. Sikuwahi kukuomba kitu tangu tulipokua, leo nakuomba.

Natoka hapa Ijumaa jioni kwa basi, Jumamosi asubuhi niko kwenu. Usije kunipokea kituoni, utataka kubeba sanduku na sitaki ubebe. Nitauliza karakana, watanionyesha. Wewe usihangaike kuniandalia chochote, kochi langu linanitosha. Ulisema mtu mzima analala kabisa akikunja miguu, na mimi ni mfupi, hata sitakunja. Lisogeze tu karibu na mlango, nilione nikifika.

Mdogo wako,
Sindano